Mwanamke wa Simiti Sokoni

Walisema mtoto wa mchuma chai hataweza kujenga hata choo. Leo nina stashahada ya ujenzi, nimefanya kazi Uarabuni, na nyumba yangu ya ghorofa hapa Ekerenyo unaiona ukiwa bado mbali barabarani. Lakini harufu ya simiti mbichi ikinifikia puani, fahari hiyo yote huniondoka.

Nilipokuwa mdogo, wakubwa wa soko walitaka sanamu ya mwanamke anayechuma chai. Baba mwenyewe ndiye aliyempeleka mama kwa fundi, kisha akajitapa kibanda kwa kibanda kwamba mkewe atasimama pale hata sisi sote tukifa. Jioni baada ya jioni mama alijifunga kiunoni karatasi yake ya nailoni ya kuchumia chai, akasimama mbele ya fundi hadi shingo ikamuuma. Mimi nami shuleni sikunyamaza.

Siku ya kuifunua, shuka ilipovutwa, soko liliangua kicheko. Kikapu ambacho mama zetu hubeba mgongoni, fundi alikuwa amekiweka mbele, kikatoka kama mimba iliyopitiliza.

"Mama Onchari, unajifungua lini?" muuza ndizi mmoja akauliza. "Tukukorogee uji wa wimbi?"

Mgeni mmoja aliyevaa tai akamgeukia baba, akataka kujua kama kweli yule wa kwenye sanamu ni mkewe. Baba alikuwa amenishika mkono. Akauachilia.

"Hapana, mzee," akasema. "Wangu yuko nyumbani."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilipogeuka, alikuwa ameshaanza kupanda njia ya kwenda nyumbani peke yake, na kuanzia siku hiyo hakupita tena mbele ya sanamu ile.

Kwa miaka mingi nilimchukia fundi yule, na muuza ndizi pia. Chuoni ndipo nilipoelewa kwamba kikapu kizito cha simiti kikiwekwa mgongoni, bila vyuma vya kutosha, kingeiangusha sanamu chali. Nikamsamehe fundi. Soko sikulisamehe.

Niliporudi nyumbani kwa heshima zangu zote, nilimwambia mama kwamba nina uwezo wa kuivunja sanamu ile na kujenga nyingine, ili kicheko kile kisimchome tena. Akaacha kumenya ndizi, akanitazama kwa mshangao.

"Kicheko? Hata mimi nilicheka, Onchari, mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa bado nacheka baba yako alipofungua mdomo."