Taulo la Eliyamma

Eliyamma Kuruvila ameipenda opera ya Vienna kwa miguu yake. Tangu alipoletwa kutoka Kerala, muuguzi kijana mwenye koti la kuazima, hakuwahi kuitazama akiwa amekaa. Alisimama nyuma ya viti, mahali petu sisi tunaopanga foleni kando ya jumba tangu mchana, tukitafuna mikate na kusengenya waimbaji. Milango ikifunguliwa, kila mmoja wetu hukimbia huku akijitahidi asionekane anakimbia. Akifika kwenye upau wa kuegemea hufunga skafu yake pale, kisha hutoka zake kwenda kunywa kahawa. Skafu ikishafungwa, mahali hapo pana mwenyewe. Hata waziri akija atatafuta kwingine.

Siku yake ya kwanza hakuna aliyemwambia hayo. Tikiti alipewa na mgonjwa mmoja aliyepona na kutaka kumshukuru, basi akatoka wodini moja kwa moja na viatu vyake vyeupe vya kazi. Aliingia akakuta upau mzima umejaa skafu na hakuna mtu hata mmoja. Sasa wodini kwao, kitu kilichosahauliwa hupelekwa kwa mkuu wa zamu kabla mwenyewe hajaanza kukitafuta. Eliyamma akawaonea huruma wale wasahaulifu. Akafungua skafu zote, moja baada ya nyingine, akazikunja kama anakunja mashuka, akazibeba mpaka kwa mama anayetunza makoti. Kisha akarudi, akasimama katikati kabisa ya upau, akishangaa jinsi watu wa mji huu wasivyojua kuchagua pazuri.

Wenye skafu waliporudi na vinywa vyao vikinuka kahawa, upau ulikuwa umejaa wanafunzi. Sitaeleza yaliyosemwa, maana mengine hayaandikiki. Aliyeumia zaidi alikuwa Bwana Ottokar Blaschke, dereva wa tramu, mtu mrefu, mkavu, mwenye masharubu ya kuchongwa. Alipofanikiwa kuikomboa skafu yake taa zilikuwa zimezimwa, akabaki amekwama nyuma ya bwana mmoja mpana kama kabati. Na ulikuwa usiku wa baleti, usiku ambao mtu huja kutazama miguu ya wachezaji.

Wakati wa mapumziko alimfuata Eliyamma, akamtazama viatu kwanza.

"Sista, wewe ndiye uliyefungua skafu?"

"Ndiyo. Zilikuwa zimesahauliwa."

"Nimeona mguu wa kushoto," alisema Blaschke. "Yule binti anayo miguu miwili, Sista. Mimi nimeona wa kushoto tu."

Mama mmoja ndiye aliyemvuta pembeni akamweleza sheria ya skafu. Eliyamma akashika mdomo. Kwao Kottayam, basi likiwa bado halijasimama sawasawa, watu hurusha taulo dirishani kushika kiti, na anayeligusa taulo la mtu anajitafutia ugomvi wa familia nzima. Sheria hii alikuwa nayo tangu utotoni. Amevuka dunia yote kuja kuivunja mbele ya watu waliovaa tai. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na Blaschke, ambaye hakujua habari za mabasi ya Kottayam, akadhani anachekwa yeye. Uadui ukaanzia hapo.

Mara ya pili alikuja na taulo la kwao, lile jembamba la pamba lenye ukingo mwekundu, akalifunga katikati ya upau, ubavuni kabisa mwa skafu ya kahawia ya Blaschke. Hapakutosha zaidi ya watu wawili na hapakuhama mtu. Miaka ikapita hivyo. Aliolewa, akazaa, akamzika mume ambaye hadi mwisho aliamini opera ni watu wanaogombana kwa sauti nzuri. Akitoka zamu ya mchana alikuja na mfuko wa chipsi za ndizi, akatugawia foleni nzima, Blaschke naye akachukua bila kushukuru. Mwanamke akifa jukwaani kwa ugonjwa wa kifua huku sauti ikipasua dari, Eliyamma alinong'ona kwamba mwenye mapafu yale hawezi hata kuomba maji. Blaschke, machozi yakimchuruzika kwenye masharubu, alimwambia anyamaze, kufa si kazi ya wauguzi peke yao. Kila walipoachana alimkumbusha jambo moja tu: "Mguu wa kushoto, Sista." Na kila walipokutana alimuuliza hali ya magoti, kwa matumaini yasiyofichika. "Yakikuchosha, usijali. Mahali pako nitapatunza mwenyewe."

Kwa bahati mbaya magoti yakachoka kweli. Daktari alisema asisimame tena, na mwanawe Jobin, ambaye ni daktari wa meno na kwa hiyo anajiona anajua hadi magoti, akashikilia hapo hapo. Mwaka huu, siku ya kuzaliwa ya mama yake, alimletea tikiti mbili za baleti, ya mama na yake mwenyewe, viti vya mstari wa mbele kabisa. Asimame tena kwa nini, wakati ana mtoto? Eliyamma aliutazama uso wa mwanawe unavyong'aa, akameza alichotaka kusema, akamshukuru. Lakini usingizi hakuupata. Pale kwenye upau mahali pa mtu ni pake kwa sababu anakuja. Usipokuja leo na kesho, watu watauliza habari zako, watasikitika kidogo, kisha watasogea. Naye anayesubiri kusogea alimjua kwa jina.

Jioni ile alivaa sari ya hariri, Jobin akamshika mkono kama yai. Njia ya kwenda mbele inapita kandokando yetu. Blaschke alikuwa ameegemea upau, skafu yake imefungwa, na ubavuni mwake nafasi wazi.

"Mbele?" aliuliza.

"Mbele," alijibu Eliyamma.

"Haya."

Akageukia jukwaa. Eliyamma akashuka taratibu kuelekea mbele kama mgonjwa anayekwenda kulazwa.

Kiti kilikuwa laini, hilo hana la kukinung'unikia. Aliwaona wapiga vinanda wakifuta jasho, akaona upara wa kiongozi wao. Pazia likafunguka, wachezaji wakatoka, na Eliyamma akanyoosha shingo, akainyoosha tena. Ukingo wa jukwaa ulikuwa umewakata wote magotini. Mbele yake walielea viuno na mikono, na kutoka mahali asipopaona zikasikika nyayo zikigonga mbao.

"Unaona vizuri, Ammachi?" Jobin alinong'ona.

"Vizuri sana, mwanangu."

Alikaa na uongo wake huo, na huzuni ikamshika, huzuni ya kweli. Alikuwa na mtoto mwema, kiti cha hariri, muziki ule ule. Akajiona mgeni kuliko siku aliyoshuka kwenye ndege.

Kengele ya mapumziko ilipolia alimwambia Jobin anakwenda msalani, akapita msalani bila kugeuza shingo. Alipofika kwenye upau alisimama ghafla. Skafu ya kahawia ya Blaschke haikuwa mahali pake. Ilikuwa imefungwa pale katikati, pale pa taulo, mafundo mawili, na Blaschke amesimama kando yake kama askari wa benki.

"Hukungoja hata nipoe," Eliyamma alimwambia.

"Kuna kijana alitaka kusimama hapo. Nimemwambia pana mtu."

"Mtu gani?"

"Mwizi wa skafu."

Alianza kuyafungua mafundo, na vidole vyake, ambavyo siku hizi ni vizito, vikamchelewesha. Hakumtazama usoni alipokuwa akisema.

"Miaka yote nimekuombea magoti mabaya, Sista. Leo umeshuka kule, nikasema sasa nitajinyoosha kama bwana. Taa zikazimwa, binti wa leo akatoka, nikageuka nikukumbushe mguu wa kushoto. Hapakuwa na wa kumkumbusha. Basi nikahamisha skafu."

Eliyamma akaegemea upau pale ilipotoka skafu. Akasema, "Mimi leo hata huo wa kushoto sijauona. Kule mbele hawana miguu."

Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Blaschke alicheka. Alicheka mpaka akaushika upau, na watu wa viti vya nyuma wakageuka kuona nani amezidiwa.

Jobin alimkuta mama yake amevua viatu, ameegemea, kidevu juu ya mikono. Akamwambia kiti kinamsubiri. Mama akajibu ukweli, sasa kwa kuwa alikuwa na wa kumsindikiza: kiti ni kizuri, zawadi imemfurahisha, na akija kwenye opera ndefu atakaa bila kubembelezwa. "Lakini baleti nitasimama, mwanangu. Hapa ndipo kwangu." Jobin alimtazama, akatazama yale masharubu yaliyolowa kwa kucheka, akatoa kiti chake mwenyewe kwa Bwana Blaschke, maana naye ni mzee. Blaschke akakataa. Aende akaone viuno?

Muda ulikuwa bado, na Eliyamma alitamani kahawa. Ila taulo lilikuwa limebaki nyumbani. Basi akanyoosha mikono, akaivua skafu ya sufu shingoni mwa mwanawe, akaifunga katikati ya upau, Blaschke akarudisha yake pale ilipozoea.

Walipokuwa wakitoka Jobin aligeuka nyuma mara mbili. Ile skafu alikuwa ameinunua juzi tu.

"Haitaibwa?" aliuliza.

"Hapa?" Blaschke alisema, akampa Eliyamma mkono wa kushikilia. "Mwizi tunaye mmoja tu, na huyu tunakwenda naye kunywa kahawa."