Shimo la Choo Lililonibakiza Nyumbani

Ujanani mwao wenzangu walipigania mambo makubwa. Mimi nilipigania kubaki nyumbani, na silaha yangu ilitoka chooni.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi kwetu Izia na sanduku langu la bati, nikalisukuma uvunguni mwa kitanda kwa nia kwamba likae huko mpaka lipate kutu. Wenzangu walikwenda Mbeya, wengine Dar es Salaam, wakaandika kwamba huko kuna taa mpaka barabarani. Taa na mimi nilikuwa nayo, ya kibatari, tena ilikuwa karibu na kitanda. Nilipenda uji wa ulezi wa asubuhi. Nilipenda ukuta wa nyuma ya jiko, unaoota jua wakati baridi ya Ufipa inapouma masikio. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ndiye msomi wangu. Kazi yake ni kuilinda nyumba isikimbie."

Nyumba haikukimbia. Kilichokuwa kinatukimbia ni shamba. Lilianzia nyuma ya jiko likashuka hadi kijitoni, na lilikuwa limelimwa tangu marehemu baba hajaoa. Sasa mahindi yalitoka ya njano, membamba, yakabeba vigunzi vyenye mapengo kama meno ya kizee. Mbolea ya mifuko ilikuwa inaletwa na lori, na lori hilo lilikuwa na desturi ya kufika mahindi yakishabeba, kama mgeni anayeingia harusini watu wanaosha masufuria.

Mwisho wa masika mmoja akaja mjomba, kaka mkubwa wa mama, kutoka Mwimbi alikokuwa kwenye kijiji cha ujamaa. Mjomba alikuwa mkulima wa kweli, mtu anayeweza kulitazama shamba lako na ukaona haya kama amekukuta unaoga. Alitembea mpaka kijitoni, akarudi, akakaa kwenye kigoda.

"Dada, shamba hili limekufa."

"Limechoka tu, kaka."

"Limekufa. Na huyu ana mikono miwili, yote ameikalia." Hapo alikuwa ananitazama mimi. "Msimu ujao mahindi yakibeba nitakuja kuyaona. Yakiwa kama haya, namchukua kijana. Kwetu ardhi ipo na kazi ipo, kengele inalia alfajiri watu wote wanakwenda shamba la pamoja."

Alfajiri. Jioni ile sikuweza kula. Yaani nilikula sahani moja tu.

Kesho yake nikiwa ukutani kwangu naota jua na kulia kimoyomoyo, macho yangu yakaangukia kilima kidogo cha udongo kando ya mboga ya mgagani, mahali palipokuwa na choo chetu cha zamani. Nikasimama wima. Mama alisema baadaye kwamba alidhani nimeumwa na siafu, maana hakuwahi kuniona nikisimama kwa haraka namna ile.

Habari ya kilima hicho ni hivi. Huko nyuma, watu walipohimizwa kila kaya iwe na choo, alitujia bwana afya, kijana wa Mbeya, mwimba kwaya, aliyepanga chumba Kizwite na kuzunguka na baiskeli akichungulia vyoo vya watu kwa heshima kubwa. Chetu alikikuta kimejaa. Akatuagiza tuchimbe kingine, na kile cha zamani tukimwagie majivu mengi, tukifunike kwa udongo, tukizungushie mfereji maji yasiingie, tukiache kilale.

"Kwetu shimo likijaa tunalifunga, halafu juu yake tunapanda mgomba," alisema. "Ndizi zake, mama, hazina mfano."

"Na mnazila?"

"Tunakula, na nyingine tunauza sokoni."

"Mbeya," alisema mama, kana kwamba jina la mji limemaliza maelezo.

Tangu siku ile masika mawili yalikuwa yamepita. Basi nilifunga kamba za viatu nikatembea mpaka Kizwite, safari ndefu kuliko zote nilizofanya mwaka ule, nikamkuta bwana afya anapiga pasi shati. Nikamuuliza: kile tulichokifunika sasa ni nini?

Pasi ilibaki hewani. "Kama hamkuingiza maji, ni udongo," alisema. "Wadudu wa tumbo wamekwisha kufa humo. Ni udongo mzuri kupita ule unaokanyaga. Unataka kupanda mgomba?"

"Nataka kupanda mahindi. Shamba zima."

Akaiweka pasi chini. Nikaona macho yake yanawaka kama ya mtu aliyeambiwa kwaya yake inakwenda kuimba redioni. Tulirudi Izia juu ya baiskeli moja, mimi nyuma, tukizungumza wote wawili kwa pamoja bila mmoja kumsikiliza mwenzake.

Mama hakuacha kazi yake. Alitusikiliza akiwa anapepeta ulezi. Nilipomaliza hotuba yangu, ambayo niliipamba kwa maneno yote ya bayolojia niliyoyakumbuka, aliuliza jambo moja.

"Mnataka kuutandaza juu juu, jua liuchome, mvua iuzoe ipeleke kijitoni?"

Nikatazama mteremko unaoshuka kijitoni.

"Mtauweka kwenye intumba," alisema.

Ukikulia Ufipa, intumba huelezwi, unaikuta. Mwisho wa mvua majani yakiwa bado mabichi unayakata, unayalundika, unayafukia kwa udongo, na shamba zima linajaa vilima vya mviringo. Majani yanaozea humo kiangazi chote. Mvua mpya zikianza unavibomoa vilima, unatandaza, unapanda. Babu zetu walikula kwa njia hiyo kabla lori lolote halijachelewa. Mama alikuwa ameliona jambo ambalo msomi na bwana afya hatukuliona: kitu chetu kilikwisha kuoza, kilihitaji tu mahali pa kulala pamoja na majani.

Kujitegemea tulikuwa tumekuimba sana shuleni, lakini nawahakikishia namna hii haikuwemo katika ubeti wowote.

Siku ya kufukua, bwana afya alituletea mabuti ya mpira, akatupa masharti: mikono kwa sabuni kila tukimaliza, mbolea hiyo kwa mahindi tu, mboga za majani zikae mbali. Jirani yetu, balozi wa nyumba kumi, mama mnene mwenye maneno, alileta kigoda chake kabisa akakaa upande wa pili wa ua.

"Nimekuja kama kiongozi," alisema. "Nataka kujua msimu ujao nisiombe unga nyumba gani."

Niliinua jembe nimeziba pua kwa kitambaa. Nikapiga. Nikapiga tena. Kisha nikakiondoa kile kitambaa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuziba. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi, mwepesi, unamomonyoka kama ugali wa jana ulioviringwa vidoleni, na ulinukia msitu baada ya mvua ya kwanza. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Bwana afya alianza kuimba sauti ya pili ya wimbo ambao hakuna aliyeanzisha sauti ya kwanza. Hata balozi alisogeza kigoda karibu na ua.

Mama ndiye aliyeona kitu kinang'aa. Akakiokota, akakifuta kwa jani. Kilikuwa kijiko cha bati, kilichopotea zamani nikasingiziwa mimi mpaka nikachoka kujitetea.

"Kumbe nacho kilikuwa huku," alisema. "Mwanangu, wewe ulikuwa unalia chakula wapi?"

Tulijenga intumba mpaka mikono ikatoka malengelenge: majani, kikapu cha udongo mweusi, majani tena, kisha udongo wa shamba juu. Kiangazi chote nilivitazama vile vilima kutoka ukutani kwangu kama mtu aliyeatamisha mayai. Mvua zilipoanza tukavibomoa, tukatandaza, tukapanda mahindi.

Jamani, yale mahindi. Yaliota yote, hata zile punje nilizodhani zimetobolewa na wadudu. Yakawa na kile kijani kinachokaribia weusi. Mimi ambaye uji ulinifuata kitandani, sasa niliamka kabla ya uji kwenda kuyatazama, nikirudi nimelowa umande mpaka kiunoni, nikimtangazia mama kwamba yamenifikia goti, yamenifikia kifua, mama njoo uone, leo siwezi kuona ng'ambo. Balozi naye alianza kupita uani kwetu bila shughuli yoyote. Siku moja akaja na kikapu kitupu, akanong'ona kwamba anaomba udongo kidogo, wa maua. Maua hakuwa nayo.

Halafu zikatokea nyanya. Hatukupanda nyanya, lakini kila palipokuwa na kilima cha intumba, katikati ya mahindi, mche wa nyanya ulikuwa umejiotea, na kadiri mvua zilivyoendelea ukabeba. Nilidhani ni ndege. Nilipomwonyesha bwana afya alicheka mpaka akaketi kwenye tuta.

"Msizile mbichi," alisema akijifuta machozi, na zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Mahindi yalipobeba, mjomba akaja kama alivyoahidi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akapitiliza shambani. Tulimfuata, mama, bwana afya na mimi. Balozi alikuwa amekwisha kuweka kigoda.

Mjomba alishika bua moja akalitikisa, halikutikisika. Akachota udongo, akausugua kiganjani, akaunusa kwa muda mrefu.

"Dada, umenunua ng'ombe?"

"Sijanunua, kaka."

"Lori liliwahi?"

"Lori halijafika mpaka leo."

Akaguna. Akasonga mbele, akakuta mche wa nyanya, akachuma moja iliyoiva vizuri, akaipangusa kwenye koti. Ilikuwa imeshagusa meno aliposita.

"Hizi nyanya nani alipanda?"

"Zimejiotea, mjomba," nilisema.

Akaitoa nyanya kinywani polepole. Mtu aliyekulia shamba anajua mbegu ya nyanya inapita tumboni salama, na anajua nyanya hujiotea nyuma ya vichaka vya namna gani. Mjomba alitazama ile nyanya, akatazama choo chetu kipya, akatazama mahali pa kile cha zamani, akamalizia na mimi. Kisha akaiweka nyanya juu ya tuta kwa uangalifu, kama yai.

"Mmelima kwa choo," alisema.

Niliona sanduku langu la bati likitoka uvunguni lenyewe.

"Tumelima kwa intumba, kama baba alivyotufundisha," alisema mama. "Na kilichomo ndani yake kilikuwa mahindi ya shamba hili hili, kaka. Tuliyala, sasa yamerudi kwao."

Mabega ya mjomba yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe ni kicheko, kile cha tumboni, kilichomlazimu ashike bua la hindi, na bua likamhimili. Alipotulia hakuwa yule mjomba tena. Aliuliza majivu kiasi gani, mfereji unakwenda wapi, kinalala muda gani. Bwana afya akijibu hili anakatizwa na lile. Wakachuchumaa wote wawili wanachimba kwa vidole kama watoto. Nami nikajiona nimeokoka.

"Basi," alisema mjomba akisimama, "kijana naondoka naye."

"Si yamebeba?" nilisema.

"Yamebeba sana. Ndiyo sababu. Kijiji chetu kizima kina vyoo, na shamba la pamoja limekonda. Atatuonyesha."

"Msomi," aliita balozi kutoka uani, "umefaulu kupita kiasi."

Nilimtazama bwana afya, akatazama baiskeli yake. Nilimtazama mama. Alikuwa anachuma nyanya za kupika, na sikuona dalili kwamba ana haraka ya kuniokoa.

"Mchukue," alisema. "Ila niambie kwanza, kaka. Lile shimo la pili nani atanijazia?"

"Si wewe?"

"Mimi nashinda shambani, nakula kidogo. Huyu ndiye anayeshinda nyumbani, na ndiye anayekula. Ukienda naye msimu mzima, mbolea yangu yote itakuwa imelala Mwimbi."

Mtu mwingine angecheka. Mjomba hakucheka. Alilipima neno lile kwa uzito wake wote, kama mkulima, akanitazama tumboni, akatazama tena yale mahindi.

"Ni kweli," alisema. "Utakuwa umepata hasara."

Aliyekwenda Mwimbi ni bwana afya, kwa furaha yake mwenyewe, baiskeli ikiwa juu ya lori. Mimi nilibaki. Mchana ule, mbele ya mjomba, mama alinipakulia ugali, na nilipoumaliza akanipakulia mwingine bila kuuliza. Nikasema nimeshiba.

"Kula," alisema. "Usichezee kazi."