Mayai Yaliyofungiwa Uzi

Wifi yangu aliolewa kwetu akiwa fundi cherehani, kipepeo wa mlimau na wa mpera kwake ni yule yule. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nilimwonyesha kushika wavu, kumvizia kipepeo bila kumtupia kivuli, kugeuza jani bila kulichuma. Haikupita miaka miwili, wafugaji wenzetu wa vipepeo wakaanza kumwita Mama Majani. Na mimi, niliyeianza kazi hii mdogo wangu wa kiume hajaota ndevu, sasa naitwa "wifi yake Mama Majani". Niambie wewe kama hilo halichomi roho.

Macho anayo, siwezi kumnyima. Tukiufikia mlimau mmoja, mimi natangulia na kutoka patupu. Yeye anakuja nyuma, anachutama, anaibuka na mayai matatu. Kisha anacheka: "Wifi, mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Nacheka naye, kisha narudi kuugeuza mlimau ule ule jani kwa jani.

Mwaka huo, katika mwezi ambao kwa kawaida jua linapasua vichwa, mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Baridi ikaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Kipepeo bila jua haruki wala hatagi, anajibanza tu chini ya jani mabawa yamefumbwa. Wale tuliowafungia kwenye vyandarua walikufa mmoja mmoja. Msimamizi wetu akatuita.

"Banda kubwa la vipepeo linataka mtu wa kulitunza, ajira ya kudumu," akasema. "Ijumaa kila mtu alete viwavi walioanguliwa kwenye mayai aliyookota mvua hii hii. Mwenye wengi, funguo zake."

Funguo hizo nilikuwa nimezisubiri miaka kumi na minne.

Nyuma ya karakana ya mbao kuna milimau iliyoachwa ijiotee. Siku mbili nzima nililowa kama kifaranga, nikapata mayai mawili, na moja nikalipasua kwa kucha. Lakini kila nilipopita nilikuta vipande vya uzi mwekundu vimefungwa kwenye vitawi. Uzi wa cherehani! Nikageuza majani: penye kila uzi palikuwa na yai jeusi. Yai la kipepeo huyu hutagwa likiwa la njano, na likikaribia kuanguliwa huingia weusi. Nikajua mambo yote, au nilidhani najua. Bibi huyu kapata mayai mpaka anayawekea alama, anayaacha yaive mtini kwa raha zake.

Jioni ile mdogo wangu alipita kuniletea mkaa.

"Dada, mke wangu anasema kule kwenye milimau..."

"Sitaki kusikia mkeo anasema nini. Mkaa weka hapo."

Akauweka, akaenda zake.

Kesho yake mchana, wifi aliporudi nyumbani kubadili nguo zilizolowa, nilikata vitawi kumi na kimoja. Nyuzi nikazitupa mtaroni, vitawi nikavitia kwenye kopo pamoja na yai langu, nikafunika kitambaa. Siku mbili nililichunga kopo lile kama maziwa yaliyo jikoni, bila kulifunua, baridi isiingie.

Ijumaa asubuhi wengine walikuja mikono mitupu, wifi akafika na viwavi saba. Mimi nikafungua kopo langu mbele ya watu wote. Mlikuwa na kiwavi mmoja, yule wa yai langu la halali. Kwenye kitambaa walitambaa wadudu wenye mabawa, wadogo kama punje za vumbi.

Msimamizi alilifunika kopo haraka. "Nyigu hawa, wale wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya vipepeo! Mayai yalishaingiliwa siku nyingi. Wakitoroka humu bandani tunapoteza kizazi kizima. Nani kaokota?"

Hapo ndipo nilipoelewa nyuzi. Wifi alikuwa anayatenga mabovu ili mtu asije akayachukua, na mdogo wangu alipotaka kunieleza nilimfunga mdomo. Wifi alivitazama vitawi ndani ya kopo, kisha akanitazama mimi. Alijua.

"Ni mimi," akasema. "Wifi yangu alikosa mayai, nikamgawia yangu. Sikuyaangalia vizuri. Mnisamehe."

Watu wakaguna. Msimamizi, aliyekuwa ameshamnyooshea funguo, akaurudisha mkono wake.

"Asiyelijua yai bovu hatuwezi kumwachia banda," akasema. Akanigeukia. "Mama, wewe ni mkongwe. Kiwavi wako ni mmoja, lakini umemhangaikia mwenyewe. Haya, shika."

Kunyamaza tu kungetosha. Nilimwangalia wifi, nikitafuta hata chembe ya hasira usoni mwake nipate kupumua. Alinitikisia kichwa, kama anayeniambia chukua. Nimemwonea wivu mara nyingi maishani, lakini wivu ulionipanda dakika ile nusura unitoe machozi.

"Mwongo huyo," nikasema. "Hakunigawia kitu. Aliyafunga uzi kwa sababu ni mabovu, mimi nikayaiba hayupo."

Funguo akapewa yeye. Mpaka leo watu wananisifu: mama msema kweli yule, ana moyo safi. Nawaacha wasifu. Alishanishinda kwa macho, akanishinda kwa viwavi. Kunishinda na kwa roho nzuri pia, hapo nilikataa.