Taa Tatu za Kijani

Fundi aliyeitwa kulinda vipimo vya macho vya wateja wa Harshida hakuanza na kompyuta. Alianza na mikono: aliinawa, akaikausha kwa leso yake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama anayejiandaa kula. Harshida, ambaye duka lake la miwani pale Msimbazi ndiyo kwanza liachane na madaftari, alimtazama bila kupepesa. Mashine ilikuwa mtumba wa Dubai, ndani ina diski tatu zenye kumbukumbu zilezile, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Ilibaki kuchagua programu ya kuzisimamia. Fundi alikuja na mbili. Akaitegea mashine sikio kwanza, akaguna.

Ya kwanza ilikuwa na rangi za kupendeza, na taa tatu za kijani, moja kwa kila diski, zikawaka kwenye kioo. Harshida akaipenda palepale.

"Mama, chomoa diski moja."

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe. Siku itakapokufa kweli, mimi nitakuwa nyumbani Jangwani."

Akachomoa. Taa zote tatu zikabaki kijani vilevile. Fundi akaguna tena, akairudisha. Ya pili ilikuwa nyeusi tii, maandishi matupu. Diski ilipotoka tu, mashine ikapiga kelele mpaka wateja wakageuka. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Lakini ile ya kwanza ni nzuri, fundi," Harshida akalalamika.

"Nzuri sana," alijibu, akijifuta mikono upya. "Ila imefiwa, na bado inacheka."