Ngombe Yangu ya Udongo

Juzi, mu grupu yetu ya simu, watu walikuwa wanabishana ni filamu gani ya sanamu za udongo iko nzuri kupita zingine. Nilizima simu na hasira.

Nilikuwa mutoto kule Kirolirwe nilipoona filamu ya vile kwa jirani, sanamu zikitembea zenyewe. Kesho yake nilifinyanga ngombe ya udongo, nikaketi mbele yake muchana muzima, nikingoja itembee. Ilinuka mvua. Nyuma yangu ngombe za Papa zilikuwa zinatafuna, na sikugeuka.

Mama Sifa, mwenye shamba la maharagi, alifika akaikanyaga ngombe yangu.

"Hii njo Papa yako alikutuma uchunge?"

Leo najua mu filamu ni mukono wa muntu unasogeza sanamu kidogo kidogo. Papa alimupandia Mama Sifa upya maharagi yenye ngombe zilikula. Ngombe yangu hakuna aliyeirudisha, na Mama Sifa sijamusamehe.