Nati Niliyoikaza kwa Mkono Wangu

Gari langu la kwanza lilikuwa dogo, jekundu, na nyuma lilikuwa na neno moja kwa herufi za rangi ya fedha: turbo. Nililinunua kwa sababu ya neno hilo. Ilikuwa miaka ya tisini, magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kujaa mitaani, na sisi makarani wa ofisini tukaanza kujiona kwamba hata sisi ni watu wa gari. Nilikuwa naishi Donholm na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza. Wiki zile za mwanzo nilikuwa naamka kabla ya wakati ili nisimame dirishani nilitazame tu.

Kaka wa mke wangu alikuwa fundi wa magari. Alifanyia kazi kwenye kiwanja kimoja Kayole, chini ya mabati machache ya kukinga jua, na alikuwa na sanduku la spana ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua ila yeye. Baba yao, marehemu, alikuwa mchonga vinyago kule Ukambani, na nadhani subira ya yule mzee ndiyo aliyoirithi mwanawe. Hakuwa na haraka na chuma, wala na maneno.

Siku ya kwanza nilipompelekea gari, aliinua boneti akainama kuikagua injini.

"Shemeji," akasema mwishowe, "hii injini ni ndogo, lakini imepewa mapafu ya mtu mkubwa. Turbo inaisukumia hewa kwa nguvu. Ni nzuri, bora uiheshimu."

Akanionyesha mahali kichwa cha injini kinapokutana na bloku. Katikati pale, akasema, kuna gasketi, kitu chembamba tu, na ndiyo inayozuia moto, maji na oili visiingiliane. Injini ikichemka hata mara moja, gasketi inaanza kuungua. Akanipa masharti yake. Nisitie maji ya mfereji kwenye rejeta, nitie dawa yake inayozuia kutu. Nitumie petroli ya supa, si regula ya bei nafuu. Nikitoka safari ndefu nisizime injini papo hapo, niiache ingurume kidogo mpaka turbo ipoe. Asubuhi nitazame maji kabla sijawasha. "Na ukiona sindano ya joto imepanda, simama hapo hapo. Hata kama ni katikati ya barabara. Hata kama umembeba askofu."

Tulicheka. Nilimwahidi yote.

Kazini kulikuwa na jamaa mmoja wa Buruburu aliyekuwa mpenzi wa magari. Siku moja aliliendesha langu wakati wa chakula cha mchana, akarudi akitikisa kichwa. "Buda, hii gari bado imelala," akaniambia. "Wacha nikuamshie." Kando ya turbo kuna kijiti cha chuma kinachofungua njia ya moshi, ili presha isizidi kipimo. Kwenye kile kijiti kuna nati. Akaikaza kidogo tu kwa spana ili presha ipande, kazi ya dakika chache, akanionyesha alivyofanya. Jioni ile, kwenye Jogoo Road, gari liliruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Sikumwambia shemeji. Wala sikubadilisha petroli. Nilikuwa bado natia regula.

Baada ya miezi miwili hivi maji yalianza kupungua kwenye rejeta bila kuvuja popote. Asubuhi gari lilikuwa linatoa moshi mweupe. Kisha nikafungua kifuniko cha oili nikakuta chini yake ute wa rangi ya chai ya maziwa. Nikalipeleka Kayole. Shemeji aliutazama ule ute, hakuniuliza chochote zaidi ya kama gari limewahi kuchemka. Nikasema hapana. Lilikuwa halijachemka kweli, kwa hiyo nikajiambia kwamba sijadanganya.

Alikifungua kichwa cha injini, akakipeleka mjini kikasawazishwe, akanunua gasketi mpya na bolti mpya. Niliwahi kumtazama akizikaza zile bolti. Alianza katikati akaenda nje, moja upande huu, moja upande ule, kwa spana yenye kipimo, na alirudia mara tatu bila kuzungumza na mtu. Aliponirudishia ufunguo alisema, "Uliendeshe polepole kwanza, shemeji. Mpaka gasketi ikae."

Lakini gari lilikuwa zito. Lilikuwa limerudi kulala. Nikainua boneti pale nyumbani na nikaona ile nati imelegezwa, imerudishwa mahali pake pa zamani. Ningeweza kuelewa hapo. Badala yake niliazima spana kwa jirani, nikaikaza tena, na safari hii niliikaza zaidi.

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa kwetu. Alikuwa amekaa mwezi mzima akimsaidia mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya pili na hali yake haikuwa nzuri. Siku nzima alikuwa anasokota katani sebuleni kwa ajili ya vikapu vyake vya vyondo, vidole vikienda vyenyewe huku akizungumza nasi. Jumamosi alitaka kurudi kwake Machakos, na nikasema nitampeleka mwenyewe. Kwetu, upande wa magharibi, mkwe na mama mkwe hukaa kwa heshima ya mbali. Hamgusani. Hata salamu zetu zilikuwa za maneno. Kwa hiyo alikaa kiti cha nyuma na mizigo yake, nami nikajiona mtu mzima anayemwendesha mama wa mke wake kwa gari lake mwenyewe.

Sikutazama maji asubuhi ile. Kwenye barabara ya Mombasa gari moja jeupe lilinipita, nikalifuata, nikalipita. Likanipita tena. Baada ya Athi River, barabara inapoanza kupanda, mama mkwe aliuliza kutoka nyuma:

"Mwanangu, mbona kunanuka kama sukari inayoungua?"

Sindano ya joto ilikuwa imepita katikati. Niliiona.

"Ni kawaida, mama," nikasema. "Gari likipanda huwa hivyo."

Nilitaka kulipita lile gari jeupe mara moja zaidi. Nililipita. Kisha injini ikagonga kama mtu anayepiga debe kwa nyundo, nguvu zikaisha, na mvuke ukafunika kioo. Nikaegesha kando.

Hapo bado kulikuwa na nafasi ya kuokoa kilichobaki. Ningengoja tu. Shemeji alikuwa ameniambia hata hilo, kwamba injini iliyochemka haifunguliwi mpaka uweze kuweka kiganja juu yake. Lakini nilikuwa na aibu, na aibu haingoji. Nikachukua kitambaa nikashika kifuniko cha rejeta. Mama mkwe alikuwa ameshuka na kijerikeni cha maji yake ya kunywa, akaja mpaka karibu yangu, akaninyooshea.

"Haya maji, mwanangu."

Nikazungusha kifuniko.

Maji yaliruka kwa kishindo. Mimi nilikuwa nimegeuza uso pembeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbele, na ukapokea yote, kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu la Kikamba, la kumwita mama yake, akakaa chini kwenye majani. Ndipo nilipomgusa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza, nikiushika mkono ule na kuumwagia maji yaliyobaki kwenye kijerikeni, nikiona ngozi inavyojitenga. Dereva wa lori la saruji alisimama akatupeleka zahanati.

Gari lilivutwa mpaka Kayole. Shemeji alilifungua Jumatatu. Hakunitumia ujumbe wowote.

Jumapili iliyofuata tulikutana nyumbani kwa mama mkwe, Machakos. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na mke wangu ndiye aliyekuwa akimlisha. Ghafla aliacha kijiko, akamgeukia kaka yake.

"Si ulilitengeneza juzi tu lile gari? Ni nini kilitokea?"

Shemeji aligeuka. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa upole, bila tisho lolote, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Nami nikatazama kikombe changu cha chai.

"Mimi si fundi," nikasema. "Nilichukua gari kwake likiwa limeshatengenezwa."

Shemeji akasema, "Labda sikukaza vizuri. Ni mkono wangu. Nisamehe, mama."

Mama akasema amesamehe. Mke wangu akashika tena kijiko.

Habari zilitembea zenyewe: fundi aliyemuunguza mama yake mzazi kwa kazi mbovu. Donholm wateja wakampungukia, na Kayole pia. Sikuwahi kuyarudia yale maneno kwa mtu, lakini pia sikuwahi kuyakanusha. Mwaka haukuisha kabla hajauza spana zake akarudi Machakos kuendesha lori la maji. Mama alipona, ila vidole viwili vilibaki vimekakamaa, na hakuweza tena kusokota katani. Kila tulipomtembelea mkono ule ulikuwa mapajani, umetulia, na mimi nilikuwa naongea sana ili nisiutazame.

Nilikaa na jambo hilo miaka mitatu. Nilimwambia mke wangu mchana mmoja akianua nguo, bila kupanga. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja shuka aliyokuwa ameishika, akasema, "Nenda umwambie wewe mwenyewe. Mimi sitakubebea."

Nilimkuta shemeji akijaza lori maji. Nikamwambia kuhusu ile nati. Aliendelea kushika mpira wa maji.

"Nilijua," akasema. "Mara ya kwanza niliilegeza, nikadhani utaelewa. Mara ya pili niliikuta imekazwa na mtu asiyejua kushika spana. Kingo zote zilikuwa zimelika."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Dada yangu alikuwa na mimba na hali yake unaijua. Ningesema, angerudi kwenye nyumba ya namna gani?" Akazima maji. "Lakini nilingoja, shemeji. Nilijua utasema. Nilikupa wiki. Halafu nikakupa mwezi. Nikawa kila nikiona mtu anakuja kule kiwanjani, nadhani ni wewe."

Nilimwomba msamaha. Akasema sawa. Nikamwambia nitamnunulia spana, nitarudi Kayole nikawaambie watu wote. Akasema kile kiwanja kimeshajengwa ghorofa, na wale watu wamekwishapata mafundi wengine.

Tukaenda pamoja kwa mama, nikarudia yote mbele yake. Hakunigombeza. Alimgeukia mwanawe, akamwekea ule mkono wenye vidole vilivyokakamaa begani.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikimwomba Mungu akusamehe."

Kisha akaingia jikoni kutupikia, nasi wawili tukabaki pale sebuleni tukisikiliza sufuria.