Marahaba ya Jirani

Daktari aliniambia nitembee kila asubuhi kwa ajili ya sukari. Nikamfokea, kwani mie mzee? Lakini nilitembea, maana njiani, hapahapa Kiwalani, nilimkuta jirani yetu, bibi wa siku nyingi, akifagia uwanja wake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Nina wajukuu, lakini pale nilikuwa mtoto wa mtu.

Mwezi uliopita tulimzika. Bado natembea, sukari imeshuka, daktari anafurahi. Mtaa mzima wananiamkia mie, hata wenye mvi. Nawaitikia vizuri, uzee nimeukubali. Ila nikifika kwenye uwanja wake, ambao sasa umejaa majani makavu, napunguza mwendo, kisha shikamoo yangu narudi nayo nyumbani.